Jinsi ya kupanga kabati la chini ya sinki, likabaki limepangika

Malalamiko ni yaleyale. Mtu amenunua vikapu vizuri, amepanga Jumamosi nzima, amefurahi. Wiki chache baadaye chupa zimelala, sakafu ya kabati ina unyevu, mende wamerudi, na dumu la sabuni limekaa mbele ya kila kitu. Wengi hujilaumu kwa uvivu. Uvivu hauhusiki. Kabati hili halifanani na makabati mengine ya jikoni, na ukilipanga kama unavyopanga kabati la vyombo litakushinda kila mara.

Mwenye nyumba humo ndani ni bomba. Sabuni, vitambaa na chupa ni wageni, na mgeni hukaa pale mwenyeji alipomwachia nafasi. Anayeanza na vikapu anashindwa kwa sababu ameanza na wageni. Hapa tutaanza na maji, tuje kwenye vipimo, na vikapu vitafuata baadaye sana.

Tenga nusu siku, na usiku mmoja katikati ambao kabati litabaki tupu. Usiku huo usiuruke. Nitaeleza kwa nini.

## Andaa hivi kwanza

- Tochi, hata ya simu
- Futi ya kupimia, karatasi na kalamu
- Magazeti ya zamani na karatasi laini za chooni
- Ndoo au beseni, matambara makavu, mswaki wa zamani
- Glavu za mpira
- Sabuni ya maji ya kawaida
- Stilwaya ya kusugulia sufuria
- Silikoni ya kuzibia, ile isiyopitisha maji
- Kalamu ya wino usiofutika na tepu ya karatasi ya kuandikia majina
- Trei pana ya plastiki yenye kingo, au beseni bapa

Vikapu havimo kwenye orodha kwa makusudi. Ukivinunua leo utanunua vinavyopendeza dukani, kisha ugundue kwamba havipiti mlangoni au vinagonga bomba. Subiri mpaka Hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Toa kila kitu, hata ambacho unajua kitarudi

Tandaza magazeti sakafuni na toa vyote. Usisukume vitu upande mmoja ukasafisha upande wa pili, kwa sababu uvujaji mwingi hujificha nyuma kabisa, ukutani, mahali ambapo chupa za zamani zimekaa miezi bila kuguswa.

Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, chupa za sumu ziende juu mara moja, kabla hujaendelea na lolote. Zikitolewa zinakuwa wazi mbele yake, na hapo ndipo hatari inakuwa kubwa kuliko zilipokuwa kabatini.

Toa pia ule mfuko uliojaa mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania, Juni 1, 2019, wengi tunalimbikiza vifuko mbadala vya kitambaa, na mahali pa kuvisokomeza huwa ni hapohapo. Vifuko hivi hunyonya unyevu na kuuhifadhi, na mende hupenda sana kulala katikati yake. Bakiza vichache visafi, uvitundike mahali pakavu.

Umefanikiwa ukiona sakafu yote ya kabati, pembe zote, na ukuta wa nyuma.

## Hatua ya 2: Chunguza maji kabla ya kitu kingine chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoharibu kazi yote. Makabati mengi ya sasa ni ya MDF au chipbodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Zikilowa huvimba, na zikishavimba hazirudi zilivyokuwa hata ukizianika juani. Tone moja linalodondoka kila baada ya muda linatosha kuangusha sakafu ya kabati. Kama lako limejengwa kwa zege na marumaru una nafuu kwa hilo, lakini mende na ukungu hawatofautishi.

Fanya hivi:

1. Kausha kabisa mabomba, maungio na sakafu kwa tambara.
2. Tandaza gazeti kavu chini ya mabomba yote.
3. Ziba tundu la sinki, lijaze maji karibu na ukingo, kisha zibua maji yaondoke yote kwa mkupuo. Maji ya bomba yakitiririka kidogokidogo hayaonyeshi uvujaji. Uzito wa sinki lililojaa ndio unaousema ukweli.
4. Maji yakiwa yanashuka, gusa kila ungio kwa karatasi laini ya chooni. Karatasi huonyesha tone ambalo kidole hakilihisi.
5. Gusa hivyohivyo koki ndogo za kufungia maji na mipira inayopandisha maji kwenye bomba la juu. Hizi hubeba maji yenye msukumo muda wote, kwa hiyo zifanyie jaribio siku ambayo maji yanatoka. Siku ya mgao, au tangi likiwa tupu, utadhani mambo ni shwari.
6. Acha gazeti jipya chini ya mabomba usiku kucha.

Gazeti likiamka kavu, endelea. Likiwa na doa, angalia doa liko chini ya nini. Hapo umepata jibu bila kumlipa mtu.

### Uvujaji unaoweza kuumaliza mwenyewe

Nati za plastiki kwenye bomba la maji machafu hukazwa kwa mkono. Ukitumia spana kwa nguvu, plastiki hupasuka, na kazi ya dakika mbili inageuka kununua seti nzima. Kama nati imekazwa na bado inavuja, ifungue na utazame washa ya mpira ndani. Mara nyingi imekaa upande au imekauka. Weka ndoo chini kabla hujafungua, kwa sababu kile kikombe au kona iliyopinda chini ya sinki, ambayo mafundi huiita trapu, huwa na maji muda wote.

Maji hayo yamewekwa humo makusudi. Ndiyo yanayozuia harufu ya shimo kupanda jikoni. Kama umesafiri muda mrefu ukarudi ukakuta jiko linanuka, huenda yamekauka. Mimina maji kidogo kwenye sinki kabla hujamwita mtu.

Sasa mulika pale bomba la maji machafu linapoingia ukutani au sakafuni. Katika nyumba nyingi utakuta bomba la mikunjo, lile linalopindika, limechomekwa tu ndani ya bomba kubwa bila kuzibwa pembeni. Kwenye mwanya huo ndimo harufu na mende hupitia. Na kwa kuwa halikushikizwa, dumu likilisukuma kidogo linachomoka, na maji machafu yanamwagika ndani ya kabati. Kausha, lichomeke vizuri, zungushia silikoni, na usilitumie sinki kwa saa 24 ili ikauke. Hakikisha bomba hilo halikulala chini likatengeneza tumbo. Mafuta ya chakula huganda pale.

### Uvujaji wa kumwachia fundi

Maji yakitoka kwenye koki za ukutani, kwenye mipira ya maji safi yenye kutu au iliyovimba, au ndani ya ukuta wenyewe, funga maji na mwite fundi bomba. Koki ikiwa ngumu kuzunguka usiilazimishe. Ikikatika, maji hayatasimama mpaka ufunge koki kubwa ya kwenye mita au kwenye tangi. Nyumba nyingine hazina kabisa koki chini ya sinki. Kama yako ni hivyo, leo hii nenda ukaitafute ile koki kubwa, uizungushe uone kama inafanya kazi, na uwaonyeshe wote wanaoishi humo.

Umefanikiwa ikiwa gazeti limelala usiku mzima na limeamka kavu.

## Hatua ya 3: Osha, kausha, ziba

Osha kwa sabuni ya kawaida, ukitumia mswaki kwenye pembe na kwenye bawaba. Ukikuta vifuko vidogo vya kahawia vyenye umbo la punje, hivyo ni vifuko vya mayai ya mende. Kifuko kimoja cha mende wadogo wa jikoni hubeba mayai kama 30 hadi 40, kwa hiyo kufagia peke yake hakutoshi. Viokote kwa karatasi, vitoe nje uvichome.

Onyo. Usichanganye dawa za kusafishia. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na siki, au na dawa ya chooni yenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huumiza mapafu, na wewe utakuwa umeingiza kichwa ndani ya kabati. Sabuni na maji vinatosha kwa kazi hii.

Panya mdogo hupita kwenye tundu ambalo ungeapa hapiti, kama upana wa kalamu ya risasi. Mianya yote ya ukutani mabomba yanapopita ijaze stilwaya, uishindilie, kisha ipake silikoni juu. Panya hutafuna silikoni tupu, lakini stilwaya humshinda.

Acha milango wazi mpaka kila kitu kikauke. Pwani, hasa wakati wa masika, mpe kabati siku nzima, na kama una feni ielekeze humo. Ukipanga juu ya unyevu umefuga ukungu.

## Hatua ya 4: Amua nini kirudi

Kabla ya kuamua, muulize anayeosha vyombo kila siku. Kama ni dada anayekusaidia nyumbani, keti naye na msikilize. Yeye ndiye anayejua ni kitu gani hukichukua mara tatu kwa siku na ni kipi hakijaguswa tangu mwaka jana. Kabati likipangwa na mtu asiyelitumia huvurugika siku ya pili, na halivurugiki kwa ukaidi. Mpangilio haukufuata mkono wa mtumiaji.

### Visirudi kabisa

Mtungi wa gesi. Hili nalisema kwa msisitizo, maana nimeona jikoni nyingi mtungi mdogo wa kilo 6 umefichwa chini ya sinki ili usionekane. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani. Hutuama chini, na ndani ya kabati lililofungwa hujikusanya ikisubiri cheche. Zaidi ya hapo, unyevu hula chuma cha mtungi kwa kutu. Mtungi ukae wima mahali penye hewa, ambapo unaiona na kuifikia koki yake.

Mafuta ya taa, dawa ya wadudu, dawa ya panya. Hasa vikiwa kwenye chupa za maji au soda. Mtoto mwenye kiu haoni mafuta ya taa, anaona chupa ya maji. Akinywa mafuta ya taa au dawa ya kuzibulia sinki usimtapishe, kwa sababu mafuta yakipanda yanaweza kuingia mapafuni na dawa kali huunguza koo mara ya pili. Mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uibebe.

Dawa ya kuzibulia sinki yenye kostiki soda. Huvuta unyevu hewani, huunguza ngozi, na hula vyombo vya alumini. Iende juu, mahali pakavu, mbali na sufuria.

Chakula chochote. Unga, vitunguu, viazi, chumvi. Unyevu utaviharibu, na vyote vinaita wadudu.

Vya umeme. Waya wa kuongezea, blenda, balbu, betri. Maji yako juu yake.

### Virudi

Sabuni ya vyombo, sabuni ya unga kwenye kopo lenye mfuniko, sponji mpya, glavu, mifuko ya taka, vitambaa vikavu, brashi. Dawa ya klorini irudi ikiwa tu hakuna mtoto mdogo nyumbani, nayo ikae upande ambao hauna siki wala dawa yenye asidi. Nunua chupa ndogo ya klorini badala ya dumu. Nguvu yake hupungua kwa joto na kwa kukaa, na mvuke wake hula bawaba na koki za chuma.

Kila chupa irudi na jina lake. Sabuni ya maji ya kununua mtaani huja kwenye chupa za kila aina, na dawa nyingine nazo zinafanana nayo kwa rangi. Bandika tepu, andika jina kwa herufi kubwa na mwezi ulioinunua. Chupa usiyoijua ina nini usiinuse kujaribu. Usiitumie tena.

Umefanikiwa ikiwa vinavyorudi ni pungufu sana ya vilivyotoka. Ikiwa vinakaribia kulingana, pitia tena.

## Hatua ya 5: Pima, kisha ndipo ununue

Watu hupima upana, urefu na kina cha kabati, wakaridhika. Vipimo hivyo havikusaidii, maana ndani kuna bakuli la sinki linaloshuka, bomba katikati, na pengine nguzo ya mlango. Chora kabati kwenye karatasi na upime hivi:

- Upana wa mlango ukiwa wazi, kutoka bawaba hadi upande wa pili. Mara nyingi ni mdogo kuliko upana wa ndani, na ndio unaoamua kikapu kitaingia au hakiingii.
- Kutoka sakafu ya kabati hadi chini ya bakuli la sinki.
- Kushoto mwa bomba hadi ukuta wa kushoto. Kulia hivyohivyo.
- Kutoka mlangoni hadi sehemu ya bomba iliyojitokeza zaidi.
- Urefu wa chupa yako ndefu kuliko zote, pamoja na kifuniko.

Punguza sentimita 2 kila upande kwenye vipimo vya kikapu. Kikapu kinachobana hakivutwi, na kisichovutwa hakisafishwi nyuma yake.

Chukua vya plastiki vyenye pande zilizonyooka na mpini mbele. Vikapu vya waya vinapendeza, lakini huota kutu na kuacha alama zisizotoka. Viwili au vitatu vinatosha. Madumu ya lita 5 ya mafuta ya kula, yakiwa mstatili, ukiyakata juu na kulainisha kingo yanafanya kazi hiyohiyo bila gharama. Yaoshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka yasiteleze, kwa sababu mabaki ya mafuta ni karamu ya mende.

## Hatua ya 6: Andaa sakafu ya kabati

Tandika kipande cha kapeti la plastiki au kitambaa cha meza cha plastiki, kilichokatwa kizidi kidogo ili kingo zipande ukutani kama sentimita 3. Maji yakimwagika yatabaki juu, mahali unapoyaona. Usigundishe. Unataka kukitoa, kukiosha na kukianika. Usitandike gazeti kama tandiko la kudumu, maana hunyonya maji na kuyaficha.

Chini ya trapu weka trei yenye kingo, tupu. Mkono utawasha kutaka kuweka kitu pale. Trei tupu ndiyo itakayokuambia, mwezi mmoja au mitatu baadaye, kwamba ungio limeanza kuchoka.

## Hatua ya 7: Panga

Nyuma, penye koki: acha shubiri moja wazi pande zote. Hakuna kitu. Siku bomba litakapopasuka usiku umeme ukiwa umekatika, mkono wako lazima uifikie koki bila kuhamisha chupa hata moja.

Upande wa mkono unaotumia zaidi, mbele: kikapu cha kila siku. Sabuni ya vyombo, sponji mpya, brashi.

Upande wa pili: kikapu cha mara moja kwa wiki. Dawa za sakafu, vitambaa, mifuko ya taka. Chupa zisimame, zisilale.

Juu, chini kidogo ya ukingo wa kabati, mbele ya bakuli la sinki: hapa pana nafasi ambayo hupotea bure. Kata bomba la PVC la nusu inchi kwa upana wa kabati, lipachike kwenye vishikizo viwili vya bomba, na utundike chupa za kupulizia kwa kile kishikio cha kubonyezea. Chupa ya mililita 500 iliyojaa ina uzito wa nusu kilo, kwa hiyo usizidishe nne. Hakikisha mlango unafunga kabla hujafunga skrubu zote.

Mlangoni, kwa ndani: kulabu mbili za glavu na kitambaa kikavu. Kulabu za kubandika huachia kwenye unyevu. Za skrubu ni bora, ila tumia skrubu fupi za nusu inchi, maana mbao za milango huwa na unene wa milimita 16 au 18 na skrubu ndefu itatokeza nje.

Sponji na tambara vyenye maji visiingie humo kamwe. Vikaukie juu, penye hewa.

Kama sinki lako limesimama juu ya stendi na umeziba kwa pazia, hatua ni hizihizi. Una bahati ya hewa kupita. Fupisha tu pazia lisiguse sakafu.

## Hatua ya 8: Jaribu

Ukiwa umesimama, fungua mlango na utoe sabuni kwa mkono mmoja. Hakuna kingine kinachopaswa kusogea. Vuta kila kikapu hadi nje, visiguse bomba. Fumba macho, tafuta koki kwa kupapasa. Kisha mwite yule anayeosha vyombo afanye hayohayo bila wewe kumwelekeza. Akisita mahali, hapo pahamishe.

## Kulitunza

Kila wiki, siku unayoosha sakafu, vuta vikapu, pitisha tambara kavu, tazama trei. Kila mwezi funga koki na kuifungua tena, maana koki isiyoguswa hukaza. Usiku mmojammoja acha milango wazi hewa ipite.

Chupa mpya isiingie kabla ya ya zamani kuisha. Ofa ya dukani ya chupa mbili kwa bei ya moja ndiyo hujaza nafasi ya koki kwanza, kwa sababu ndiyo inayoonekana tupu. Akiba ikae stoo au juu ya kabati la nguo.

Na kila ukiona trei ina maji, usipange upya. Toa vyote, rudi kwenye gazeti la Hatua ya 2.